Sura ya Sita: Kulipa Ili Uione Bustani ya Mtu

"Hivi ni kweli watu hutoa hela kwenda kutazama maua nyumbani kwa mtu?"

Swali hili huulizwa sana na jamaa wanaotumiwa picha na ndugu zao walioko Leicester, Reading au Milton Keynes. Kwenye picha kuna foleni ya wazee waliovaa makoti, mbele ya geti la nyumba ya kawaida, mwezi wa tatu, manyunyu yakiwadondokea. Hakuna harusi wala msiba. Kuna meza, kopo la pesa na mama mmoja anayekata tiketi, na nyuma yake ua uliojaa maua. Huku kwetu mtu akitaka kuiona mipapai yako hupiga hodi, akakaribishwa, akaiona, na pengine akaondoka na papai mkononi. Jaribu kumtoza kiingilio uone: habari itafika msikitini kabla ya alasiri.

Basi ni kweli, wanalipa, na ni maelfu kwa maelfu kila mwaka. Tena maua si sababu kubwa kama inavyodhaniwa. Mwingereza anayetaka maua tu huenda supamaketi. Mwezi wa pili, ardhi ya kwake ikiwa ngumu kwa baridi, rafu zimejaa waridi zilizokatwa Naivasha siku chache nyuma, na hazimlazimu kuvaa viatu vya matope. Anapoamua kuendesha gari maili 20 hadi kijiji asichokijua, akalipe pauni kadhaa, azunguke ua wa mtu asiyemjua, kuna kitu kingine anachokifuata. Ninavyoona mimi, anafuata ruhusa ya kuingia. Na ili ruhusa hiyo ipatikane bila aibu kwa upande wowote, pesa ilibidi iwepo, na ilibidi iende kwa mtu wa tatu.

Shilingi ya mama Wagg

Habari inaanzia kwa wauguzi. Mwaka 1859, mfanyabiashara wa Liverpool aitwaye William Rathbone alimwajiri muuguzi, Mary Robinson, amtunze mke wake aliyekuwa akiugulia nyumbani. Mke alifariki. Rathbone akajiuliza: ikiwa mimi mwenye mali nimehitaji msaada huu kiasi hiki, maskini anayeugua chumbani kwake anafanyaje? Akamwomba Robinson aendelee na kazi, safari hii akizunguka kwenye nyumba za maskini wa mji. Ndiyo asili ya wale wauguzi wa Uingereza wanaomfuata mgonjwa nyumbani: kufunga kidonda, kuchoma sindano, kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, ikaundwa taasisi ya kuwafundisha na kuwasimamia. Serikali haikuwalipa. Walitegemea hisani, yaani michango ya hiari.

Mwaka 1925 alifariki Malkia Alexandra, mjane wa Mfalme Edward wa Saba, aliyekuwa mlezi wa taasisi hiyo. Wajumbe wa baraza la taasisi wakatafuta namna ya kuchangisha fedha kwa kumbukumbu ya malkia. Mjumbe mmoja, Elsie Wagg, akatoa wazo ambalo leo linaonekana jepesi mno: nchi hii imejaa bustani nzuri ambazo hazionwi na mtu isipokuwa wenyewe na wageni wao; kwa nini wasizifungue, kila anayeingia atoe shilingi moja?

Shilingi hiyo wazee wetu waliijua vizuri. Tangu 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni ya Uingereza, 20 kwa pauni moja, kwa hiyo kiingilio cha bustani kule Norfolk kilikuwa na thamani ileile ya sarafu iliyokuwa mfukoni mwa mchukuzi wa bandari ya Mombasa. Kwake ilikuwa pesa ya maana. Kwa karani wa London nayo haikuwa ya kuchezea, ila aliweza kuitoa.

Mwaka 1927 bustani 609 zilifunguliwa. Mfalme George wa Tano mwenyewe alifungua bustani yake ya Sandringham, hukohuko Norfolk, na hapo watu wa tabaka lake wakakosa kisingizio. Zilikusanywa pauni 8,191. Piga hesabu: kama kila mmoja alitoa shilingi moja tu, basi zaidi ya watu 160,000 walipita kwenye mageti hayo kwa msimu mmoja.

Mpango huo, National Garden Scheme, haujasimama tangu hapo. Mwaka 1948 serikali ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa na kuanza kuwalipa wauguzi wa majumbani, ungedhani kazi imekwisha. Badala yake fedha zilielekezwa kuwasaidia wauguzi wastaafu na kutunza bustani za kihistoria. Kuanzia miaka ya 1980 zikaanza pia kwenda kwa Macmillan, shirika la hisani linalowahudumia wagonjwa wa saratani, na baadaye kwa vituo vya tiba shufaa, ile huduma ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Siku hizi bustani zaidi ya 3,000 hufunguliwa kila mwaka na hukusanya zaidi ya pauni milioni 3. Orodha yake hutoka katika kitabu chenye jalada la njano, ambacho wapenzi wa bustani hukiita kwa rangi hiyo, na siku ya kufungua, vibao vya njano huwekwa njia panda kumwelekeza mgeni. Scotland wana mpango wao wenyewe tangu 1931.

Kwa ufupi:
- Kiingilio hakibaki kwa mwenye bustani. Kinakwenda kwa wauguzi na wagonjwa.
- Wazo lilizaliwa kwa sababu wauguzi wa majumbani hawakuwa na mlipaji.
- Hata serikali ilipoanza kuwalipa, watu hawakutaka kuacha kutembeleana. Hili la mwisho ndilo la kutazamwa zaidi.

Pesa inayoondoa deni

Bustani ya Mwingereza mara nyingi iko nyuma ya nyumba. Mbele kuna kijisehemu cha kuonyesha watu. Nyuma kuna ua wenyewe, umezungushiwa ukuta au michongoma, na hauonekani barabarani. Unaweza kuishi jirani na mtu miaka mingi, ukamjua paka wake kwa jina, usiwahi kuona anachopanda. Kumwomba uingie utazame ni jambo zito. Akikukaribisha umeshaingia deni: utaleta kitu mkononi, utasifu, na siku moja itabidi umkaribishe na yeye.

Sasa weka tiketi hapo katikati. Mgeni amelipa, hana deni. Hahitaji kufahamiana na mwenyeji, hahitaji kumwalika baadaye, na akiamua kuondoka baada ya dakika kumi hajamkosea mtu. Mwenyeji naye hakupokea kitu, kwa hiyo hakuwa mchuuzi. Kama pesa ingebaki kwake, wageni wangegeuka wateja: mbona maua machache, mbona ya mwaka jana yalikuwa mengi. Na kama kuingia kungekuwa bure kabisa, wengi wangesita getini kwa kuhisi wanavamia. Pesa ikienda kwa muuguzi, pande zote mbili zimetenda wema huku zikikata kiu zao. Mwenyeji ana kiu ya kuonyesha. Mgeni ana kiu ya kuchungulia. Tusione haya kulitaja kwa jina lake: ni udaku wa macho, na hisani imeupa kibali.

Ndiyo maana nasema sisi hatuhitaji tiketi hiyo kwa sababu tuna utaratibu mwingine uliokwisha kulimaliza jambo. Hodi na karibu zinafanya kazi ambayo kule inafanywa na meza, kopo na tiketi. Si kwamba wao ni wabahili na sisi ni wakarimu. Mwenye bustani anayetumia majuma mengi kung'oa magugu ili watu asiowajua wakanyage nyasi zake ni mkarimu wa kweli, ila ukarimu wake unahitaji mlango wa aina nyingine.

Vita Sackville-West, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyeifungua bustani yake ya Sissinghurst huko Kent mwaka 1938, aliwapa wageni wake jina la utani lililotokana na ile shilingi waliyoiacha. Lilikuwa jina la mapenzi. Alifurahi kuzungumza nao kuhusu mimea, na inaonekana aliwapenda kuliko baadhi ya watu aliolazimika kuwaalika kwa chakula.

Kwa nini majira ya machipuko

Bustani zinafunguliwa karibu mwaka mzima, lakini zile za majira ya machipuko, yaani Machi hadi Mei, baridi inapoachia na miti kuanza kuchanua, zina wageni wa namna ya pekee. Ni watu waliotoka gizani. Desemba kule jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Miti imebaki mifupa. Kwa miezi mitano mtu hajakaa nje kwa starehe. Ua la kwanza likitokea, hata likiwa dogo kama ukucha, watu hulifuata.

Maua mengi ya majira haya hutoka kwenye vitunguu vya maua. Kata kitunguu cha jikoni katikati uone: yale matabaka ni majani yaliyonenepa kwa akiba ya chakula, na pale katikati kuna kichipukizi kinachosubiri. Tulipu na dafodili zimejengwa hivyohivyo. Ua la mwaka ujao tayari limo ndani, dogo mno, limefungwa. Linachongoja ni baridi. Tulipu inahitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi ya kutosha, chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi, ndipo shina lake lirefuke sawasawa. Ikikosa baridi hutoa majani tu, au ua lililokwama chini kama limekwazwa. Kwa hiyo usijisumbue kuipanda Temeke. Wapo wanaovitia vitunguu kwenye friji majuma hayo yote ndipo wavipande; maua hutoka mara moja, na mwaka unaofuata wanaanza upya kwa pesa mpya.

Jambo la pili ni mwanga. Mimea ya machipuko mara nyingi asili yake ni chini ya miti mikubwa. Kabla miti haijavaa majani, jua hufika ardhini. Mmea mdogo una majuma machache ya kuchanua, kuchavushwa na kujaza akiba kwenye kitunguu chake. Miti ikishafunga kivuli, biashara imekwisha. Blubeli, ua la buluu linalofunika sakafu ya misitu ya Uingereza kati ya mwisho wa Aprili na Mei, huishi kwa haraka hiyo.

Kwa macho ya mwenye bustani, mfuatano wa kawaida ni huu:
- Snodropu, kiua cheupe kinachoinamisha kichwa: Januari na Februari.
- Krokasi, kikombe kidogo cha zambarau, njano au nyeupe: Februari na Machi.
- Dafodili: Machi na Aprili.
- Magnolia, mti mzima wenye maua makubwa kabla ya majani: Machi na Aprili.
- Tulipu: Aprili na Mei.

Orodha hiyo inatulia vizuri kwenye karatasi. Bustanini haitulii hivyo.

Tarehe, tatizo la kweli

Ukimuuliza anayefungua bustani ya machipuko ni kitu gani kinamkosesha usingizi, hatakwambia konokono. Atakwambia tarehe. Kitabu cha njano huandaliwa miezi mingi kabla. Tarehe ya Aprili ijayo inabidi itolewe wakati majani ya mwaka huu ndiyo kwanza yanapukutika, kabla mtu hajajua baridi itakuwa kali au laini. Tarehe ikishachapwa, mimea haina habari nayo. Baridi ikikawia kuondoka, wageni 200 watatazama machipukizi ya kijani. Joto likiwahi, watatazama majani yaliyolala. Na kwa magnolia kuna jalidi, ule umande unaoganda usiku: mti uliokuwa waridi tupu jioni, asubuhi unaning'iniza matambara ya kahawia. Usiku mmoja unatosha.

Huko Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ambako baridi ni ndogo, wenye bustani kubwa walitafuta njia ya kuchekesha ya kukubali hali hii. Kuna bustani sita, na kila moja ina mti wake teule wa magnolia wa aina ya Himalaya. Majira ya machipuko hutangazwa kuwa yamefika Cornwall pale kila mti katika hiyo sita unapokuwa na maua 50 yaliyofunguka. Wakulima huhesabu kweli. Mti wa aina hiyo ukipandwa kwa mbegu unaweza kuchukua hata miaka 30 kabla ya kutoa ua lake la kwanza, kwa hiyo hakuna anayeuharakisha.

Na mwelekeo wenyewe unahama. Watafiti wa Cambridge walikusanya kumbukumbu zaidi ya 400,000 za siku mimea ilipochanua kwanza nchini Uingereza, za zamani zaidi zikiwa za mwaka 1753. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2022 yalionyesha kuwa tangu 1987 mimea huchanua karibu mwezi mzima mapema kuliko ilivyokuwa kwa wastani wa miaka iliyotangulia. Mtu anayetumia daftari la bibi yake kuchagua tarehe ya dafodili atazikuta zimekwisha.

Wazoefu wana mbinu zao. Ya kwanza ni kutotegemea ua moja: wanapanda aina za mapema, za kati na za kuchelewa, ili siku yoyote iwe na kitu. Ya pili ni vyungu. Tulipu iliyo kwenye chungu unaweza kuisogeza kivulini ukaichelewesha siku kadhaa, au ukaileta kwenye ukuta unaopokea jua ukaiwahisha. Ya tatu, na ndiyo ninayoipenda, ni kutotangaza siku kabisa. Mpango unaruhusu bustani ipokee vikundi vidogo kwa miadi ndani ya kipindi cha majuma kadhaa: wageni wanapiga simu, mwenyeji anatazama dirishani, anasema njooni Alhamisi. Kwa bustani ya machipuko utaratibu huu una akili zaidi kuliko siku moja kubwa, ingawa hauna ile shamrashamra.

Bwana wa mwisho wa juma

Turudi Sissinghurst kidogo, kwa sababu kule kuna mfano mzuri wa mtu aliyeikubali bustani ya msimu mmoja. Vita na mumewe, Harold Nicolson, walilinunua eneo hilo mwaka 1930 likiwa magofu yenye takataka. Vita alikuwa na mkono wa kupanda kwa wingi. Nicolson, mwanadiplomasia aliyegeuka mwandishi, alikuwa mtu wa mistari. Yeye ndiye aliyechora njia na kuta za michongoma. Kuanzia 1935 hadi 1945 alikuwa pia mbunge wa Leicester Magharibi, mji ambao baadaye ungejaa watu waliokulia Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Katikati ya juma alikaa London. Mwisho wa juma alikuwa na bustani.

Sehemu aliyoishika mwenyewe ilikuwa njia moja iliyonyooka, Lime Walk, yenye safu mbili za miti ya tilia iliyokatwa na kufungwa ikawa kama uzio ulioinuliwa juu ya nguzo. Chini ya miti alipanda maua ya machipuko peke yake: tulipu, dafodili, na vitu vingine vidogo vingi. Aliandika daftari la kila kipande cha udongo: hapa hazikutosha, hizi rangi zimegongana, mwakani ongeza. Kwa utani, na si utani wote, aliiita njia hiyo kazi ya maisha yake. Mtu huyu alikuwa ameshiriki mkutano wa amani wa Paris wa 1919 na ameandika vitabu vingi.

Njia hiyo ilikuwa tukufu kwa majuma machache ya Aprili na mwanzo wa Mei. Miezi mingine ilikuwa njia ya kupitia. Bustani nyingi za watu wa kawaida hushindwa hapa: wanataka kila kona ing'are mwaka mzima, na matokeo yake hakuna kona inayong'ara. Nicolson aliiacha ilale. Alikuwa na kona nyingine za kuchukua zamu, hilo ni kweli, na si kila mtu ana ngome ya kale. Hata hivyo ua wa nyumba ndogo nao unaweza kugawanywa hivyo: mita chache chini ya mti mmoja ziwe za machipuko tu. Sissinghurst ilikabidhiwa kwa National Trust, taasisi inayotunza majengo na mandhari za kihistoria, mwaka 1967, na watu bado wanaenda kuipita njia ya Nicolson.

Kabla geti halijafunguliwa

Je, bustani lazima iwe kubwa? Hapana. Mratibu wa kujitolea wa eneo huja kuikagua, na kwa miaka mingi kipimo kilichotumika ni kwamba mgeni aweze kukaa kama dakika 45 akiwa bado na kitu cha kutazama. Ua mdogo ukishindwa kipimo hicho, majirani huungana: nyumba tano au kumi za kijiji hufungua siku moja kwa tiketi moja. Siku hizo, nikisema kweli, ndizo zinazofurahisha kuliko za majumba makubwa, kwa kuwa mgeni analinganisha. Huyu ana mboga zilizonyooka kama askari wa gwaride. Wa pili yake ana bwawa na fujo.

Mratibu akikubali, kazi inayobaki haina mapambo:
- Njia. Mgeni mzee akiteleza kwenye ukoga, siku imeharibika. Mpango wenyewe hubeba bima ya wageni, lakini bima haifuti ukoga.
- Magari. Watakaa wapi? Aghalabu mkulima wa jirani huazima shamba, mvua ikinyesha mnasukuma magari pamoja.
- Choo. Amua mapema kama kipo au hakipo, kisha uandike getini.
- Majina ya mimea. Swali litakaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni "hili ni nini?" Vibao vidogo vinaokoa sauti.
- Chai na keki.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Wapo wageni wanaozichagua bustani kwa keki, na wanasema hivyo wazi. Kijiji kizima huoka. Keki ya karoti, ya limau, skonzi na siagi. Anayekuja na kipande cha dukani hujulikana. Pesa ya chai nayo huingia kwenye kopo, na siku ya mvua ndiyo huokoa hesabu, maana watu hujibanza chini ya turubai na kuagiza kikombe cha pili.

Kuna na uchungu wake. Wageni wachache sana huiba. Si maua ya kubeba kwa mkono. Ni vichipukizi vilivyokatwa kimyakimya vikatumbukizwa mkobani, na kwa snodropu, kitunguu chenyewe. Snodropu zina wakusanyaji wake, watu wanaotofautisha aina mamia kwa doa la kijani lililo ndani ya ua. Henry John Elwes wa Colesbourne, Gloucestershire, aliyeikuta aina moja kwenye milima ya karibu na Izmir mwaka 1874, ambayo sasa ina jina lake, aliacha bustani ambayo hadi leo hufunguliwa Februari kwa ajili ya watu hao. Wengi wao ni wastaarabu. Lakini mwaka 2022 kitunguu kimoja cha aina adimu yenye manjano kiliuzwa mtandaoni kwa pauni 1,850, na bei ya namna hiyo huamsha tamaa. Ndiyo maana baadhi ya wenye bustani hung'oa vibao vya majina ya aina za thamani siku ya wageni. Mwizi asiyejua jina haoni cha kuiba.

Ukienda kama mgeni

Kwa msomaji aliyeko kule, au anayepanga kumtembelea mtoto aliyeajiriwa hospitali ya huko, utaratibu ni mwepesi. Tafuta kibao cha njano, au orodha mtandaoni. Watoto mara nyingi huingia bure. Uliza kama mbwa anaruhusiwa, na kama njia inapitika kwa kiti cha magurudumu, maana si zote. Vaa viatu usivyovionea huruma. Usitoke kwenye njia kukanyaga udongo kwa ajili ya picha: chini ya udongo unaouona mtupu kuna vitunguu vinavyosukuma juu, na kisigino kimoja huvunja kichipukizi ambacho hakitatoa kingine mwaka huo.

Ukikuta dafodili zilizokwisha kuchanua zimebaki majani marefu yanayolala ovyo, usimdhanie mwenyeji uvivu. Majani hayo huachwa majuma sita hivi baada ya ua kunyauka ili yajaze kitunguu akiba ya mwaka ujao. Ukiyakata ili bustani ipendeze, Machi ijayo utapata majani matupu.

Mwenyeji ni yule anayetembea polepole kuliko wote, mwenye mkasi mdogo mfukoni, akinyofoa jani lililokufa kila akisimama. Msogelee. Mpe salamu, mtaje kwa jina mmea mmoja uliokuvutia, muulize aliupata wapi. Atakusimulia kwa kirefu, na huenda akakuelekeza kwenye meza ya miche inayouzwa karibu na geti, ambako kitoto cha mmea huohuo kiko ndani ya kopo la mtindi kwa pauni mbili. Ulizia lolote isipokuwa saa anazofanya kazi kwa juma. Mwenzi wake anaweza kuwa amesimama karibu, na jibu la kweli hajawahi kuambiwa.